Harufu ya Mapeasi Yaliyoiva

Wanasema binti yangu amepona.

Maneno hayo niliyapata asubuhi, sijamimina hata bakuli la kwanza la tofu, ule mgando laini wa soya ninaouza. Aliyeniletea ni Kuang, jirani yangu anayeuza udi na mishumaa mkabala na kibanda changu, pale ngazi za Mlima Heyun zinapoanzia. Kuang akiwa na habari hasalimii. Huja akijifuta mikono kwenye aproni, akaegemea nguzo, akakutazama kama fundi anayekukadiria gauni kwa macho.

"Dada Pu, hongera," akasema.

"Ya nini?"

"Ya Yinqiu. Wapagazi wa viti wameniambia. Sukari imemtoka yote. Hachomi sindano, hali nafaka, anaishi kwa maji ya chemchemi na mbegu za misonobari, na uso umemng'aa kama sanamu ya hekaluni. Mama mtu unajifanya hujui?"

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Yule mchumba wake kamponya. Ningekuwa wewe ningelipua fataki."

"Lipua zako."

"Haya, mwenye bahati hana shukrani," akasema, akavuka kurudi kwenye udi wake. Lakini maneno hakuondoka nayo. Yalibaki pale kwenye nguzo. Muuza fimbo akapita, "Hongera, Shangazi Pu." Mama wa karanga naye, "Tumesikia, hongera." Kila hongera ilinichoma kama cheche ya mafuta. Nilimimina tofu nje ya bakuli. Nilimwekea mteja pilipili mara mbili, naye akala huku machozi yanamtoka, kwa adabu.

Ugonjwa wa Yinqiu naujua kuliko ninavyoujua uso wangu. Ulimwanza akiwa mtoto wa shule, na si ile sukari ya wazee. Ni ile ambayo mwili hautengenezi dawa yake hata tone. Unachoma ukiamka, unachoma ukila, unachoma ukilala, maisha yako yote. Daktari alinieleza mara moja, nami niliyeishia shule ya msingi nikaelewa mara moja. Kwa mtoto wangu sindano si dawa ya kupona, ni kama wali. Ukimnyima, anakufa.

Na siku ile ya kwanza, kabla hatujajua ni nini, alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio, na pumzi yake inanukia mapeasi yaliyoiva mpaka kuanza kulainika. Nikamuuliza, "Umekula peasi kwa nani?" Akanijibu, "Sijala kitu, mama." Nusura tumzike. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi tena kuleta mapeasi nyumbani.

Nikafungua friji. Boksi la sindano lilikuwa palepale nyuma ya ndoo ya maziwa ya soya, plasta haijabanduliwa. Alitakiwa ateremke kutoka mlimani kulichukua wiki iliyopita. Nilipomuuliza kwa simu alinijibu, "Bado ninazo, mama, usijali," nami mjinga nikaacha kujali.

Nilitia boksi kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikachukua kipima sukari cha akiba, nikashusha pazia la kibanda. Ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni wengi. Kuang akapaza sauti, "Unafunga leo?"

"Naenda kuona muujiza," nikasema.

*

Kabla sijapanda, nikueleze habari za huyo kijana, usije ukasema nilimchukia bure.

Jina lake Duan Qihe. Alikuja mlimani kwetu mwaka juzi, msimu wa kuchuma chai. Mtu wa mjini, mrefu, nywele kazifunga kishungi utosini na kukichomeka kijiti cha mbao. Sauti yake ni ya upole, hata akiagiza tofu utadhani anakubembeleza ulale. Alikodi nyumba ya zamani ya wakulima wa chai katikati ya mlima, akaiita Ukumbi wa Kulea Uhai, na wanawake wa mjini wakaanza kumiminika. Wasiopata usingizi, walioachwa na waume, waliochoshwa na kazi. Mimi sikuwa na neno naye. Alikula, akalipa, akarudisha bakuli.

Shida ilianzia kwenye macho. Siku moja Yinqiu alikuwa nyuma ya kaunta, kafunua blauzi kidogo, anajichoma tumboni. Duan akaingia. Watu wakiona vile hugeuza uso. Yule aliyetaka kumposa mwanzo, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aligeuza uso, na haukupita muda wazazi wake wakatuma mtu kusema nyota za watoto hazipatani. Duan hakugeuza. Alimtazama machoni akamuuliza polepole, "Inauma?"

Miaka yote hiyo hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza binti yangu kama inauma. Nilimwona akishusha blauzi, mashavu yamemwiva, sindano kaisahau mkononi. Duan naye alisimama na chenji yake, haondoki. Tangu siku hiyo bakuli lake lilijazwa mpaka kumwagika.

Nilimwambia Yinqiu, "Huyo hawezi kukutunza."

"Mama, ndiye mtu wa kwanza kuniona mimi kabla ya sindano."

"Ngoja aone gharama yake."

"Wewe hupendi nipendwe," akaniambia. Baada ya sikukuu ya kufagia makaburi akapanda kwenda kumsaidia jikoni. Kwa siku chache, alisema. Maua ya mapeasi yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua.

*

Mvua ya manyunyu ilinikuta njiani. Wapagazi, wale wanaobeba wageni kwenye viti vya mianzi, walikuwa wamejibanza chini ya paa la lango wakivuta sigara.

"Mama wa miujiza," mmoja wao akanitania, "panda kiti, leo hatukutozi."

"Msiende mbali," nikamjibu. "Naweza kuwahitaji, na mtanitoza."

Kicheko kikawakatika. Waliona uso wangu.

Nilipofika kwenye hekalu dogo la Bibi wa Mlima, nilimkuta Mtawa Ruan anageuza mizizi ya dawa kwenye ungo. Ni mwanamke mwembamba wa joho la samawati, mkali kama siki. Alishanifukuza mara mbili nilipokwenda kuwasha udi huku nalalamika.

"Mbona unahema hivyo?" akaniuliza. "Unataka kuniongezea mgonjwa?"

Nikamweleza. Boksi, friji, Kuang, hongera. Nilipofika kwenye neno nafaka, mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Binti wa sindano ndiye aliyefungishwa nafaka?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na nani?"

"Na Mwalimu Duan."

"Mwalimu wa nani?" akasema. Akatoa kidonge mfukoni, akakimeza kwa chai iliyopoa, akafuta mdomo. "Unaniangalia nini? Ni cha presha. Nameza kila siku, nikimaliza nasali. Twende."

Tukapanda mpaka tukaacha ngazi kubwa na kushika kinjia chembamba cha mashamba ya chai, pale viti havipiti.

*

Ukumbini walikuwa wamekaa wanawake kama wanane wamevaa nguo za kitani za kijivu, macho wameyafumba. Harufu ya udi ilikuwa nzito. Mmoja akafumbua jicho moja.

"Shangazi, taratibu tafadhali. Tuko kwenye utulivu."

"Nyie endeleeni," nikasema. "Mimi nimekuja na fujo yangu mwenyewe, haitawagusa. Yinqiu yuko wapi?"

Duan akatokea mlango wa nyuma. Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza, kwamba hakushtuka. Alifumbata mikono akainama kidogo.

"Karibu, mama."

"Usiniite mama. Niite Shangazi Pu, kama ulivyokuwa unaniita ukidai pilipili isizidi."

"Shangazi Pu. Yinqiu amepumzika. Yuko kwenye hatua nzuri sana. Ningeomba usimsumbue leo."

"Kijana, mimi nimemsumbua tangu tumboni. Sogea."

Hakusogea. Mtawa Ruan, nyuma yangu, akapiga fimbo yake kwenye kizingiti mara moja tu. Akasogea.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha linatazama mashamba ya chai. Yinqiu alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi, amefunikwa shuka jeupe, nywele zimechanwa vizuri na mtu mwenye subira. Pembeni pake kulikuwa na kikombe cha maji na ua la kamelia ndani ya glasi. Kila kitu kilikuwa kizuri. Na binti yangu alikuwa amekonda mpaka mfupa wa bega unaonekana kama mpini.

"Mama," akasema, akatabasamu. Kisha tabasamu likanipita, likaenda kumtafuta yeye. "Qihe, usiwe na wasiwasi. Mama anapenda kufoka tu."

Nikainama kumbusu paji la uso.

Mapeasi.

Mapeasi yaliyoiva, yaliyolainika, tamu mpaka kichefuchefu. Na nje, milima yote ile, mapeasi yalikuwa bado vidonge vya kijani vya ukubwa wa kucha.

Nilishika kitanda. Duan aliona nimenusa, na usijidanganye, uso wake ulijaa furaha ya kweli.

"Umesikia, Shangazi? Ilianza juzi. Mwili ukiishiwa uchafu wa nafaka, mlima unaanza kutoa harufu yake kwa kinywa. Wengine wanakaa miaka hawaipati. Yeye kaipata mapema hivi. Nimelia nilipoinusa."

"Umelia," nikasema.

"Ndiyo."

"Mtoto wangu anaoza ndani, wewe ukalia kwa furaha."

"Mama, acha," akasema Yinqiu. Alikuwa akihema juujuu, maneno yanakatika. "Sijisikii vibaya. Nina kiu tu. Na usingizi."

"Tangu lini hujachoma?"

Akamtazama Duan, naye Duan akamtazama, na kwenye macho yale mawili nikaona jambo ambalo hakuna mama anayetaka kuliona. Walikuwa wanapendana kweli. Laiti angekuwa tapeli, ningemzaba kibao tukamaliza. Alipiga magoti pale kando ya kitanda, akamfuta jasho la shingoni kwa upindo wa joho lake, polepole, kana kwamba ngozi ile ni ya yai.

"Aliamua mwenyewe," akasema Duan. "Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba inawezekana."

"Na hilo ndilo ulilomwambia mgonjwa."

"Mama." Yinqiu alinishika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi na vikavu. "Sikukuu ya mwezi mpevu tunaenda kwao. Mama yake amesema hataki mkwe wa sindano. Amesema atakuja kuzaa watoto wa namna gani. Nilitaka niketi mezani kwake nile keki ya mwezi kama watu, nisifungue mkoba, nisifunue tumbo. Mara moja tu."

Nilimwelewa. Lakini nilishapandwa na hasira, na hasira yangu haijui kupokea wageni.

"Kwa hiyo," nikamwambia Duan, "wewe uliyemuuliza kama inauma, ulipoona mama yako ana maneno, ukaona rahisi kumbadilisha binti yangu kuliko kumjibu mama yako."

Hapo ndipo uso wake ulipoiva kwa wekundu. "Shangazi, hunijui."

"Nakujua sasa hivi. Sogea nimpime."

"Damu yake isitoke leo. Itavunja kila kitu. Tumefika mbali sana."

"Mtawa," nikamwita Ruan, "huyu anasema damu isitoke."

Mtawa Ruan alikuwa bado mlangoni, na wale wanawake wa kijivu wamejazana nyuma yake, utulivu umewaishia. Akamuuliza Duan, "Kufunga nafaka alikufundisha nani?"

"Mwalimu wangu. Nilikaa naye mlima mwingine, magharibi. Mtu mkubwa sana. Alikuwa na miaka mia moja na kumi na minane."

"Ulijuaje?"

"Alituambia mwenyewe. Alikuwa anawaambia wageni wote."

Mtawa Ruan akavuta pumzi ndefu puani. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima ule tunajua toka utotoni. Mtawa wa kweli humuulizi umri, na ukimuuliza hakuambii, hata umpe nini. Mtoto akiuliza anafinywa sikio. Mwanamke mmoja wa kijivu, lazima alikuwa wa wilaya yetu, akaguna na kufunika mdomo.

"Basi hakuwa wa kwetu," akasema Mtawa Ruan. "Alikuwa mfanyabiashara mwenye ndevu. Na hata sisi wa kwetu, anayefunga ni mtu mzima wa afya, mbele ya mwalimu wake, na akiyumba analishwa uji saa hiyohiyo. Mgonjwa hafungishwi. Mwenye mimba hafungishwi. Mlima huu una dawa tele, mimi mwenyewe nazianika, na hakuna hata mzizi mmoja uliowahi kuniambia nimzuie mtu kwenda hospitali. Mpime, Pu."

Nilichoma kidole cha Yinqiu. Duan aligeuza uso.

Nililiona hilo. Kile kidude hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Nikampigia daktari wa mjini, akaniambia kwa sauti ambayo madaktari huitumia wakijizuia kufoka, "Mchome alichozoea. Kama anameza, mpe maji. Mteremshe sasa hivi, natuma gari la wagonjwa chini ya ngazi. Usingoje mvua ikatike."

Nikafungua boksi, nikamchoma. Yinqiu hakusikia. Alikuwa ameanza kutapika.

*

Duan alimbeba mgongoni. Sikumwomba, alimwinua tu, akamfunga kwa shuka lile jeupe, akatoka kwenye mvua. Mimi nyuma na chupa yangu ya chai, Mtawa Ruan nyuma yangu. Kwenye kinjia kile chembamba nilimwona binti yangu ameegemeza shavu kwenye shingo yake, mkono umezunguka kifua chake, na midomo inacheza kana kwamba anamwimbia. Duan alikuwa analia kwa sauti. Aliteleza, akapiga goti kwenye jiwe, akasimama bila kumtikisa. Nitasema kweli, katika kile kipande cha njia nilikaribia kumsamehe.

Tulipofika kwenye ngazi kubwa, wale wapagazi walikuwa wanatungoja na kiti. Hawakuwa wamekwenda mbali.

"Mweke kitini," nikamwambia Duan.

"Nitamfikisha mwenyewe."

"Mweke kitini."

"Shangazi, niachie hili tu. Mimi ndiye niliyemfikisha hapa, nimteremshe mimi."

"Hawa wanashuka mbio, wewe unashuka unalia," nikasema. "Mapenzi yako yanatembea polepole. Mtoto wangu hana muda nayo. Mweke chini."

Akamweka. Wapagazi wakanyanyua, wakapotea kwenye ukungu wakiitana hatua. Duan alibaki amesimama ngazini na shuka tupu mikononi.

Chini, Kuang alikuwa ameshalisimamisha gari la wagonjwa mbele ya duka lake la udi. Alimwona Yinqiu anapita. Hakuninyooshea kidole wala kuniambia pole. Alirudi ndani akafunga mlango, na mpaka leo hajanitazama vizuri.

*

Hospitalini walimtundikia dripu kila upande. Daktari kijana alininong'oneza kwenye korido kwamba tungelala naye kule juu usiku mmoja zaidi, tungeteremsha maiti. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku zile.

Alipoanza kukaa kitandani walimruhusu uji wa mchele. Asubuhi hiyo Duan akaja. Alikuwa akija kila siku, akikaa kwenye benchi la nje, nami nilikuwa nikipita mbele yake kama ninayepita mbele ya ndoo. Safari hii Yinqiu alimwona kupitia kioo.

"Mama, mruhusu."

"La."

"Mama. Mimi ndiye niliyekufa kidogo, si wewe. Mruhusu."

Nikafungua mlango. Aliingia na joho lake safi, kishungi chake, kamelia moja imefungwa kwenye karatasi. Uso ulikuwa umekwisha. Walitazamana muda mrefu, mpaka mimi nikashika kazi ya kukunja taulo lililokwishakunjwa.

"Umekonda," akasema Yinqiu.

"Wewe je."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kile kicheko cha watu wenye siri. Nilihisi nimeshindwa. Nikaona tayari nawapikia tofu ya harusi.

"Nilimwambia mama yangu," akasema Duan. "Kwamba utakuwa na sindano zako. Nimemwambia ndivyo ulivyo."

"Akasemaje?"

"Analia. Atazoea."

Macho ya Yinqiu yalijaa. Aliokota kijiko, akachota uji kwenye bakuli lake, akamnyooshea. "Basi kula na mimi," akasema. "Kijiko kimoja. Nimechoka kula peke yangu huku mama ananihesabia."

Duan akakitazama kijiko. Uji ulikuwa unatoa mvuke.

"Yinqiu, unajua siwezi."

"Kimoja."

"Nimebakiza kidogo sana kumaliza mfungo wangu. Nikigusa nafaka sasa, ni miaka yote imepotea. Wale wanafunzi wameondoka, ukumbi umefungwa, hili ndilo pekee lililobaki. Nipe mpaka mwezi ujao. Mwezi ujao nitakula na wewe chochote."

Mkono wa Yinqiu haukushuka mara moja. Mimi, niliyemchukia kijana yule kwa kila mshipa, nilijikuta nikisema moyoni: kula, mpumbavu wewe, kula. Kimeze. Punje mbili za mchele zilizochemka mpaka zimeyeyuka.

Hakula.

Yinqiu akakirudisha kijiko kwenye bakuli, bila kumwaga.

"Mimi niliacha sindano kwa ajili yako," akasema. Hakufoka. Ningependa angefoka. "Sindano, Qihe. Wewe nimekuomba uji."

"Si kitu kimoja."

"Najua. Changu kilikuwa kinaua."

Duan akaweka kamelia miguuni pa kitanda. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama, yale macho yake ya siku ya kwanza, ya 'inauma', na nikajua kama Yinqiu atayaangalia basi yote tuliyopitia yamekwenda bure. Yinqiu alikuwa anafunua blauzi. Alishika sindano, akabana ngozi ya tumbo, akachoma, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa utotoni. Alipoinua uso mlango ulikuwa umefungwa.

"Imeuma?" nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza maishani.

"Inauma kila siku, mama," akasema. "Nipe uji."

Sasa wewe binti unayesoma hili, na wewe mama yake unayelisoma kwa kujificha, haya ndiyo ya kuepuka.

Epuka kuacha dawa ya daktari kwa sababu umependwa.

Epuka mponyaji anayekutajia umri wa mwalimu wake kabla hujamuuliza.

Epuka kufunga chakula kama una mimba, una sukari, au una mtu unayetaka kumpendeza.

Epuka mchumba anayemwogopa mama yake kuliko anavyoogopa kukupoteza.

Epuka kujibu "bado ninazo" wakati huna.

Mama, epuka kuamini jibu hilo. Fungua friji.

Epuka kumpa mtu hongera ya mtoto ambaye hujamwona kwa macho yako.

Epuka kungoja mvua ikatike.

Na pumzi ya mtoto wako ikinukia mapeasi wakati mapeasi bado ni machanga mtini, epuka kuisifu.